Gemu gani zilianzia kwenye Apple II?

Kijana_Keko: Wakuu, habari za jioni. Nasikia Prince of Persia, ile tuliyocheza kwenye DOS (mfumo wa PC za zamani), ilianzia Apple II, ile kompyuta ya zamani ya kampuni ya Apple. Ni kweli? Na zipi nyingine?

BabuDisketi: Kweli kabisa, mdogo wangu. Mtunzi wake, Jordan Mechner, aliitoa kwenye Apple II mwaka 1989, ya DOS ikafuata 1990. Ule mwendo wa shujaa, anavyodandia ukingo miguu ikining'inia, ni wa mdogo wake David. Alimrekodi kwa video akikimbia na kuruka, kisha akamchora picha moja moja.

Kinachoniacha hoi mimi ni yule adui kivuli anayechomoka kwenye kioo. Kumbukumbu ya mashine ilishajaa, hapakuwa na nafasi ya kumchora mpiganaji mwingine. Jamaa akachukua picha zilezile za shujaa, akazisogeza kidogo na kuzigonganisha na zenyewe kwa hesabu ya biti (zile 0 na 1 za kompyuta), akapata mtu mpya bure. Siku hizi gemu ya kupanga peremende tu inameza nafasi ya simu nzima, na bado inaganda!

MamaKodi: Ongeza Lode Runner ya Douglas E. Smith, 1983. Hatua 150, na unaruhusiwa kutengeneza zako mwenyewe. Hapo ndipo usiku unapoishia.

Kijana_Keko: Shikamoo Babu, asanteni wote. Hiyo Prince of Persia inachezeka kwenye simu?

BabuDisketi: Marahaba. Emuleta, yaani programu za kuigiza mashine za zamani, zipo, ila tafuta kibodi. Kuruka mashimo yale kwa kidole juu ya kioo ni kujitesa.