ATI MAMA MKWE AKAE BUTI???

KijanaWaLanet aliandika:

Wadau, nimefika nyumbani saa hii. Viatu sijavua, tope limenikaukia hadi magotini, na mke wangu amefunga mlango wa chumba bila kusema kitu. Nimeketi kwenye ngazi naandika kwa kidole kimoja kwa sababu kile kingine kilibanwa na jeki. Mkiona herufi zimeruka, mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji. Probox nyeupe, taa moja ya mbele imeshikwa na selotepu, inabeba abiria na waru, yaani viazi, upande wa Molo, na kwenye kioo cha nyuma kuna mstari wa Zaburi ambao mwenyewe hajawahi kuufungua. Ukipita Elburgon mara mbili umemwona. Ukipita mara tatu ameshakurushia maji ya dimbwi.

Huyo mtu leo ameteremsha kioo. Si chote, vidole vitatu tu, kama mtu anayeogopa nzi. Akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe wangu, akasema: "Bosi, mwambie huyo mama akae buti. Hiyo gari inataka uzito nyuma."

AKAE BUTI.

Mama mkwe. Mwenye kilemba cha kanisa. Mwenye keki mapajani.

Ngoja niwapange. Tulikuwa harusi hapa Nakuru, mpwa wa mke wangu, na jioni nikajitolea kumrudisha mama kwake huko juu. Nilijitolea mwenyewe, hakuna aliyenituma, na hilo ndilo linaniuma. Gari yangu, Mark X, nilikuwa nimeiosha asubuhi, hadi rimu nikapitisha mswaki. Njoro tukapita, Elburgon tukapita, Molo tukapita, lami tupu, mama amelala kama mtoto. Kisha tukaacha lami. Kilomita nne tu za udongo zilibaki.

Mvua ya mawe ikaanza. Nyinyi wa mjini mkisikia mvua ya mawe mnafikiria vipunje vya chumvi. Hii ilianza kama njugu, ikaja kama limau, nadhani moja ilikuwa na anwani ya kwangu. Dakika kumi barabara ikawa nyeupe. NYEUPE. Chini tope, juu barafu, kama ugali uliomwagiwa gololi.

Sasa, wenye Mark X mnajua pale kando ya gia kuna kibonyezo kimeandikwa SNOW. Miaka mitano niko na hii gari na hicho kibonyezo hakijawahi kupata kazi. Nikasema leo ni leo. Nikakibonyeza mbele ya mama mkwe, taratibu, ili aone. Nikamwambia, "Mama, usijali, hii gari Wajapani waliiundia theluji." Akasema, "Asante Yesu."

Hatukumaliza mita ishirini. Nyuma ya gari ikataka kufika kabla ya mbele. Nikazungusha usukani kushoto, ikaenda kulia. Nikazungusha kulia, ikanipa kisogo. Tulipotulia tulikuwa tunatazama Nakuru, tairi moja ya nyuma mtaroni, na mama mkwe ameshika keki kwa mikono miwili kama mtu anayeokoa mtoto kwenye mafuriko.

Ndipo akaja. Kioo, vidole vitatu. "Mwambie huyo mama akae buti."

Na najua! Msinifundishe! Najua injini iko mbele na nguvu inaenda tairi za nyuma, na nyuma hakuna kitu, ni spea na mwavuli. Najua. Lakini sitaambiwa na mtu ambaye mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Tena mbele ya mama.

Halafu akang'oa. Watu kumi na mmoja ndani, magunia manne juu, na mbuzi. Haikuteleza hata kidogo. Akapiga honi mara mbili. Mbuzi akanitazama mpaka wakapinda kona.

Nauliza tu. Mama wa watu anaambiwa akae buti? Kama gunia? Hii nchi heshima iliisha lini? Niambieni kabla sijafika kwenye steji yake kesho saa kumi na mbili.

TopeHalisi: Pole sana kaka. Swali moja tu. Alikaa?

KijanaWaLanet: Hiyo siyo hoja.

TopeHalisi: Sawa. Lakini alikaa?

NgataMoja: Nyinyi watu wa Mark X mlituchosha hapa. Ati ndege ya chini. Ati ukikanyaga unaona mbingu. Ndege gani inashindwa na waru? 😂😂😂

FundiWaJuakali: Mzee, usikasirike, nikuambie kitu. Hicho kibonyezo hakiongezi nguvu wala hakiyeyushi barafu. Kinaipunguzia gari pupa tu, injini iitikie mguu polepole tairi zisizunguke bure. Kama tairi zimeisha, unamwambia tu mlevi atembee polepole. Bado ataanguka.

Tena hizo rimu zako nazijua, ni inchi 18, tairi pana kama mkeka. Tairi pana inaelea juu ya tope. Tairi nyembamba ya Probox inakata hadi ifike chini penye ugumu. Na Probox inavutwa na tairi za mbele, ambazo zimekaliwa na injini. Uzito uko pale pale penye kazi. Ile yako kazi iko nyuma na uzito uko mbele, kama bwana na bibi waliokosana.

Kwa hiyo yule jamaa hakukosea. Amekosea mdomo tu.

KijanaWaLanet: Fundi, mimi sikuleta gari, nimeleta MATUSI. Vidole vitatu vya kioo! Hata hakuteremsha chote!

FundiWaJuakali: Labda kinakwama hapo.

NgataMoja: Kinakwama hapo. Nimepanda hiyo gari. 😂

MamaWaPyrethrum: Mimi huyo mtu ana mia yangu tangu Krismasi. Nilimpa mia tano, akasema chenji nitachukua nikirudi. Nimerudi mara tisa. Kila nikimwona ananisalimia kwanza, tena kwa furaha, hadi naona haya kudai. Kwa hiyo kama ni kwenda kwenye steji, tuende wote.

Bondeni254: Huyo jamaa mwacheni. Alinibebea kabati, kitanda na shemeji kwa safari moja.

MamaWaPyrethrum: Na chenji alikupa?

Bondeni254: ...

JalupoWaKano: Nyinyi watu wa juu mna raha sana. Mvua ya mawe inayeyuka, saa moja imeisha. Njooni huku Ahero mwezi wa nne muone udongo mweusi. Huku hauteleзi tu, unapanda na gari. Tairi inavaa tope inakuwa chapati, chapati inakuwa sufuria, mwisho haizunguki tena ndani ya matao. Unashuka, kiatu kinabaki. Unarudi kuchukua kiatu, soksi inabaki.

Na kuna mwenye trekta, watu wa huku mnamjua. Bei yake inategemea viatu vyako. Ukiwa na ndala, elfu moja. Ukiwa na ngozi, elfu tatu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa suti ya mazishi. Sitaki kusema nililipa nini. Na lile shimo tunalokwama huwa na maji hata Januari, wakati kila kitu kimekauka. Nani analimwagilia? Najiuliza tu.

TopeHalisi: "hauteleзi" 😂 simu yako pia imeingia mtaroni.

JalupoWaKano: Nilirithi simu. Tuongee trekta.

BaridiYaMontreal: Wakuu, salamu kutoka Kanada. Mimi niliwahi kuendesha gari ya kusukumwa na tairi za nyuma kwenye theluji yenyewe, miezi minne mfululizo, kwa hivyo nisikilizeni. Huku Quebec sheria inataka kila gari iwe na tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Si mbili, zote nne. Ukiweka nyuma tu, gari itaondoka vizuri kisha itakataa kupinda na kusimama. Mpira wa tairi ya kawaida ukishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukauka kama ukwaju.

Na ndiyo, buti tunaweka mifuko ya mchanga, karibu na usawa wa ekseli. Mchanga una faida mbili, uzito, na ukikwama unaufungua unamwaga chini ya tairi. Uondoke kwa gia ya pili, mguu mwepesi kama unakanyaga yai. Nyuma ikikimbia, toa mguu kwenye mafuta polepole, usikanyage breki kwa hofu, geuza usukani upande ule ule nyuma inakokwenda, na macho yatazame unakotaka kwenda, si mtaroni. Kijana, najua ulitazama mtaro.

KijanaWaLanet: Kila mtu angetazama mtaro. Mtaro ulikuwa unakuja.

NgataMoja: Mwaka wa ngapi huu unatuambia habari ya Montreal? Hakuna aliyekuuliza. Juzi uzi wa bei ya mahindi ulileta Montreal.

BaridiYaMontreal: Nasaidia tu. Na pia, ile siyo theluji, ni mvua ya mawe. Theluji ni laini.

Bondeni254: Kitu kikiwa cheupe na baridi na kikanifanya nianguke, hicho ni theluji. Mwaka 2008 pale Busara, upande wa Nyahururu, mteremko mzima ulikuwa mweupe, watu wakasema theluji imefika Kenya. Kumbe mvua ya mawe imegandamana. Lakini watu waliitafuna hivyo hivyo.

MamaWaPyrethrum: Huku kwetu inapiga maua yote. Gari unaweza kuvuta. Nani anavuta ua?

FundiWaJuakali: Kijana, nauliza. Hizo tairi ulinunua na gari au ulibadilisha?

KijanaWaLanet: Zilikuja na rimu. Muuzaji alisema zimetoka Japani moja kwa moja, bado mpya, ati huko wanazitumia kwa theluji. Ndiyo maana nikajiamini!

FundiWaJuakali: Hizo ni stadiresi. Kweli ni za theluji, mpira laini kabisa. Sasa umezikimbiza kwa lami ya jua la Nakuru miaka mitano. Laini imeliwa yote. Umebaki na puto.

NgataMoja: PUTO 😂😂😂 jameni nimeanguka kwa kiti.

KijanaWaLanet: Hamnisikii. Alimwambia MAMA. MKWE. Akae. BUTI. Mimi nikisimama kanisani Jumapili ijayo nitamtazamaje yule mama? Msiniambie habari ya mpira.

MchungaMbuzi_Kuresoi: Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, lakini leo imebidi. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo Probox. Yule mbuzi ni wangu.

Kwanza hatukuwa kumi na mmoja, tulikuwa tisa, na magunia yalikuwa mawili. Pili, hatukung'oa mara moja. Dereva alisimama pale mbele kidogo, tukashuka wanne tukarudi kukusukuma, na wewe ukakanyaga mafuta hadi mwisho ukatupaka tope kuanzia nywele. Hukusema hilo.

Tatu, mama hakutukanwa. Mama alicheka. Alishuka mwenyewe, akanipa keki nimshikie, akafungua buti, akaketi pale ukingoni miguu nje, akasema, "Haya baba, jaribu polepole." Ukajaribu polepole. Gari ikatoka.

TopeHalisi: ALIKAA.

NgataMoja: ALIKAAAAA 😂😂😂😂

Bondeni254: Uzi ufungwe. Mama amekaa.

KijanaWaLanet: Alikaa kwa hiari yake! Na ilikuwa dakika mbili!

MchungaMbuzi_Kuresoi: Ilikuwa hadi kwa geti. Kila ukisimama kumwomba arudi ndani, gari inaanza kuteleza. Tulikufuata nyuma kuhakikisha mama haanguki. Alikuwa anatupungia mkono. Ile honi mara mbili ilikuwa ya kumjibu yeye.

FundiWaJuakali: Uzito wa mama mmoja mzima, juu ya bampa, nyuma kabisa ya tairi zenye kazi. Hata mchanga wa Montreal haufiki hapo.

BaridiYaMontreal: Ningependa kuongeza kwamba mtu asikae buti gari ikitembea, ni hatari.

NgataMoja: Montreal, lala.

JalupoWaKano: Hakuna anayenijibu kuhusu trekta.

MamaWaPyrethrum: Ngoja. Keki alikupa wewe ushike. Ilirudi?

MchungaMbuzi_Kuresoi: Ilirudi.

MamaWaPyrethrum: Yote?

MchungaMbuzi_Kuresoi: Mbuzi alikuwa karibu sana.

KijanaWaLanet: KUMBE NI NYINYI. Mke wangu anasema ni mimi nilikula pembe ile yenye majina! Ndiyo maana amefunga mlango! Nimelala njaa kwa sababu ya mbuzi?

Bondeni254: Majina ya maharusi yote mawili?

MchungaMbuzi_Kuresoi: La bwana tu. La bibi lilibaki.

NgataMoja: Hiyo ndoa iombewe.

MamaWaPyrethrum: Wewe mwenye mbuzi, kama mko na dereva kesho, mwambie nasimama pale kwa duka la chakula cha ng'ombe saa moja. Nataka mia yangu. Nitakuwa na shuka nyekundu.

MchungaMbuzi_Kuresoi: Nitamwambia. Lakini kesho habebi watu, anapeleka waru Nakuru.

TopeHalisi: Waru gunia ni pesa ngapi huko sasa?

MchungaMbuzi_Kuresoi: Inategemea kama unakuja na gari yako. Ni gari gani?

TopeHalisi: Mark X.

MchungaMbuzi_Kuresoi: Ngoja jua liwake kwanza.

JalupoWaKano: Huyo mbuzi anauzwa?