Kampuni ya bima yadai nirudishe pesa ilizonilipa kwa makosa

Binti wa Umoja:
Mwezi wa Machi nililipwa shilingi 840,000 za bima ya maisha ya marehemu mama, aliyeniandikisha mimi peke yangu kuwa mnufaika. Wiki iliyopita kampuni iliniandikia kwamba mama alikuwa amechukua mkopo kwa dhamana ya bima hiyo, kwamba karani wao alisahau kuukata, na kwamba nirudishe shilingi 212,000 katika muda wa siku 14. Sikumdanganya mtu, hesabu waliifanya wao, nami nikatia sahihi pale waliponionyesha. Sehemu kubwa ya pesa imekwisha kulipa deni la hospitali na karo ya mdogo wangu. Je, kosa lao ni mzigo wangu?

Jirani wa South B:
Pole kwa msiba, dada. Usirudishe hata ndururu. Aliyelipa bila kukagua vitabu vyake amejitakia mwenyewe.

Wakili mstaafu:
Ushauri huo utampeleka dada yetu pabaya. Katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1841, kampuni ya bima ilimlipa mjane ilhali bima ya mumewe ilikuwa imekwisha nguvu kwa kutolipiwa, na wakurugenzi waliojua jambo hilo walikuwa wamelisahau. Majaji walishikilia kwamba pesa iliyolipwa kwa kukosea ukweli wa mambo hudaiwa, hata kama mlipaji alikuwa mzembe. Sheria yetu ya Mahakama hapa Kenya, Sura ya 8, inapokea misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo msingi huo haukuishia London.

Utetezi ulio nao ni wa aina nyingine: kwamba ulipokea kwa nia njema, na hali yako ikabadilika kwa sababu ya malipo hayo. Bunge la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliukubali utetezi huo mwaka 1991, na kwa kuwa uamuzi huo ni wa baadaye, hapa kwetu una nguvu ya ushawishi tu. Hata hivyo, deni la hospitali ambalo ungelilipa vyovyote vile halitakusaidia. Karo huenda ikakusaidia, ikiwa ulimhamishia mdogo wako shule ya gharama kubwa kwa kutegemea pesa hizo.

Aliyekuwa karani wa madai:
Kabla ya sheria, dada, tuanze na hesabu. Waombe kwa barua, bila kukiri deni, fomu ya mkopo yenye sahihi ya mama, ushahidi kwamba pesa zilimfikia, na taarifa inayoonyesha kila rejesho pamoja na siku ambayo riba ilikoma kuhesabiwa. Nimewahi kuona mkopo uliokwisha kulipwa ukiendelea kuzaa riba kwenye kompyuta, na hakuna aliyeshtuka. Deni likithibitika, omba kulipa kwa awamu; wakikataa kukupa taarifa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, pale Zep-Re Place, Upper Hill.

Binti wa Umoja:
Ahsanteni nyote. Nimefungua mkoba wa mama jioni hii na kukuta risiti tatu za marejesho ya mkopo huo, ya mwisho ikiwa ya shilingi 18,000. Barua yao haitaji hata moja. Kesho nitazitoa nakala niziambatishe kwenye jibu langu.