Mzee muuza shotigani wa Uyole aniombe radhi. MANATI?!

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, bado natetemeka. Jina simtaji. Wa kuanzia Uyole mpaka Igurusi mnamjua: mwenye Land Rover isiyozimwa kwa sababu ikizimwa haiwaki. Ile shotigani yake ya mitutu miwili, mmoja juu mmoja chini, anaitangaza tangu masika. "Mali ya Mrusi, haijatumika." Haijatumika! Kitako kimepakwa rangi ya mlango, wakuu. Kuna unywele wa brashi umegandia humo humo kwenye rangi, karibu na pale unapoweka shavu.

Shida yangu mimi ni ngiri na nguruwe pori tu. Shamba liko upande wa Chunya, mahindi yanaliwa utadhani niliwapandia wao. Nikaenda kistaarabu, shikamoo baba, chai ikaletwa. Nikaomba nichungulie mitutu kwa tochi ya simu. Mzee akanipima kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, halafu mbele ya mkewe, mbele ya binti zake, mbele ya dalali niliyekuja naye:

"Kijana, wewe kanunue manati."

Manati. Mimi na ndevu zangu hizi, na barua ya mtendaji mfukoni.

Nilikuwa nimeshaikunja, mitutu inacheza kwenye bawaba kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mtutu wa chini una vishimo vya kutu mbele ya chemba, pale risasi inapokaa. Namba ya kwenye mitutu na ya kwenye mwili hazifanani. Na bei ni ya bodaboda mpya! Nauliza kuhusu namba, jibu ni manati. Binti yule mdogo alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye sahani. Dalali wangu naye alicheka, na nauli nimemlipia mimi.

Akishusha bei nichukue au niachane nayo? Na neno "manati" mbele za watu lina kesi?

Kobe wa Kabwe: Uzi bila picha ni chai. Hiyo iliyomwagika kwenye sahani.

Mgambo Mstaafu: Achana nayo. Namba zisipofanana maana yake mitutu ni ya bunduki nyingine, na polisi hawataanza na mzee, wataanza na wewe. Leseni yake umeiona? Silaha haiuzwi sebuleni kama kochi. Sheria ya 2015 inataka wewe uwe na kibali na uhamisho upitie polisi. Siku nyingine vua mitutu, ining'inize kwenye kidole, igonge kwa kijiti. Ikilia kama kengele, lehemu iliyounganisha mitutu iko salama. Ikitoa sauti butu, imeachia. Na ule ulimi wa kufungulia, ukishafunga bunduki unatakiwa ubaki kulia kidogo. Ukivuka katikati kwenda kushoto, hiyo imechoka.

Mwenye uzi: Ulikuwa kushoto kabisa! Halafu nilibonyeza triga mara ya pili, mtutu wa pili kimya.

Mgambo Mstaafu: Kama ni triga moja, nyingi zinahama mtutu kwa mshtuko wa risasi ya kwanza. Unagonga kitako kwa kiganja ndipo unabonyeza tena. Na uweke maganda ya mazoezi, usizipige pini kavu. Soma pia chemba ni ya milimita 70 au 76. Risasi ya 76 inaingia kwenye chemba ya 70 bila kelele, ila ikilipuka ganda halina pa kufungukia, presha inapanda vibaya.

Mwenye uzi: Nitagongaje kitako cha mtu aliyekwisha niambia nikanunue manati?

Kobe wa Kabwe: Mkuu Manati, nguvu mpya huna ya kugonga kitako?

Mama Kihesa: Kamwene. Manati ya mti wa mpera yapo hapa, bei nafuu, chemba hazina kutu 😂

Mpunga Mbarali: Afadhali yako umetukanwa na mtu. Mimi nyani walikaa kwenye tuta wakanitazama nikigonga debe kuwafukuza mpaka nikaona aibu, nikarudi nyumbani.

Mgambo Mstaafu: Nyani usimpige bila kibali cha wanyamapori, tusije kukuchangia wakili.

Kiazi Kitamu: Nyani ana afadhali, anakula anachoweza kubeba. Njooni Kikondo muone lumbesa. Gunia la viazi limeshonewa kofia juu, kofia yenyewe inaingia debe jingine, na dalali analipa bei ya gunia moja.

Mama Kihesa: Si lilikatazwa? Mwisho kilo mia.

Kiazi Kitamu: Lilikatazwa barabarani, mama. Shambani dalali anakuja na sindano na kamba yake.

Mwenye uzi: Jamani, na suala la manati?

Mpunga Mbarali: Kwenye mpunga nako kuna lile debe lao lililogongwa tumbo likatoka nje. Ukisema pimeni kwa mzani, wanapanda fuso wanakuacha na mzigo wako.

Kobe wa Kabwe: Kiazi, gunia leo shambani bei gani? Bila kofia.

Kiazi Kitamu: Bila kofia hawanunui. Njoo inbox.