Mjadala: Kuondoa rangi ya mgonjwa kwenye hesabu ya figo kumeleta haki, au kumehamisha kosa tu?

Kichujio (mleta mada)
Wakuu, Wamarekani Weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa Marekani, lakini kati ya wanaosafishwa damu kwa mashine ni karibu theluthi moja. Watu hao hao, kwa zaidi ya miaka 20, majibu yao ya maabara yalipandishwa kwa makusudi. Fomula ya MDRD ya 1999, kisha CKD-EPI ya 2009, zilikadiria kasi ya figo kuchuja (GFR; namba kubwa ndiyo nzuri) kwa kutumia kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huitoa, umri na jinsia, halafu mgonjwa akiwa Mweusi jibu linazidishwa: takriban 1.2 kwa ile ya kwanza, 1.159 kwa ya pili. Mwaka 2021 jopo la vyama vya figo vya huko, NKF na ASN, likashauri fomula mpya isiyouliza rangi.

Msimamo wangu: kizidishi kile kilistahili kufutwa. Tazameni hesabu. Mwanamume wa miaka 50, kreatinini 3.6 mg/dL, yaani 318 µmol/L. CKD-EPI ya 2009 inampa 19. Akiandikwa Mweusi, anapewa 22. Kule, muda wa kusubiri figo ya marehemu huanza kuhesabiwa GFR ikishuka hadi 20, au dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ikianza. Damu ni ile ile, ila mmoja ameingia foleni na mwingine ameambiwa bado. Fomula ya 2021 inawapa wote wawili 20.

Sababu iliyotolewa ni kwamba Weusi wana misuli mingi, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Lakini misuli haikupimwa. Kilichoingizwa kwenye kompyuta ni alama aliyoweka karani wa mapokezi.

DoziSahihi
Kwenye foleni nakubaliana nawe, mkuu. Kwenye dawa nina pingamizi. Waliotunga fomula ya 2021 walichapisha upungufu wake wenyewe: kwa Weusi inashusha GFR kwa wastani wa 3.6 chini ya iliyopimwa kweli, na kwa wasio Weusi inaipandisha kwa 3.9. Kosa limegawanywa pande mbili, halijaisha.

Tena kuna hospitali zilizofuta kizidishi tu na kuendelea na fomula ya 2009. Hilo ni baya zaidi. Chukua kaboplatini ya saratani: dozi ni AUC inayolengwa (kipimo cha jumla ya dawa mwilini) mara (GFR + 25). Kwa AUC 5 na GFR 60 unatoa mg 425. Ondoa 1.159, GFR inasomeka 52, dozi inashuka hadi mg 385. Mgonjwa wa saratani amepunguziwa dawa kwa sababu ya marekebisho yaliyokusudiwa kumtetea. Metfomini nayo husimamishwa GFR ikiwa chini ya 30, kwa hiyo aliyekuwa na 31 anaweza kunyang'anywa dawa ya sukari inayomfaa. Na ndugu anayetaka kumchangia mgonjwa figo anaweza kukataliwa kwa namba iliyoshushwa bila sababu.

MaabaraKisumu
Mnazungumza kama vile jambo hili ni la Marekani peke yake. Kizidishi hicho kilikuja na programu za mashine zetu, wakati hakikutokana na damu ya Mwafrika wa huku hata mmoja. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini uliopima GFR yenyewe kwa ioheksoli: unachoma dawa, unachukua damu kwa saa kadhaa, unaona inavyopungua. Kreatinini ilionyesha figo nzima kuliko zilivyo, na kizidishi kikazidisha kosa. Sababu si ngumu: mtu aliyekonda, anayekula nyama mara chache, ana kreatinini ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Kwa hiyo DoziSahihi, hofu yako ya namba kushuka ni ya kweli kule. Huku hatari ni namba kupanda, na mgonjwa anafika hospitali ameshavimba uso, anapumua kwa shida.

Ukipokea karatasi ya majibu, uliza mambo matatu. Imetumika fomula gani? Kipimo kimesawazishwa na IDMS, njia rejea ya kupima kreatinini? Kreatinini imepimwa kwa njia ya Jaffe, ya kemikali, au ya kimeng'enya? Jaffe ni rahisi, lakini ketoni za mgonjwa wa kisukari huipandisha na bilirubini, ile rangi ya njano kwenye damu ya mwenye manjano, huishusha. Halafu usimpime mtu aliyetoka kula nyama choma, maana nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa.

JeniNaJamii
Niongeze kwa Kichujio. Tofauti ya kibaolojia ipo, ila haifuati rangi. Aina mbili za jeni ya APOL1, G1 na G2, ndizo zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa figo, na zilienea Afrika Magharibi kwa kuwa zinasaidia dhidi ya vimelea vya malale. Hatari kubwa huja mtu akiwa na nakala mbili, na takriban asilimia 13 ya Wamarekani Weusi wanazo. Wengi wa hao hawaugui figo kamwe. Kwa Waethiopia aina hizo karibu hazipo. Sasa kisanduku cha "Mweusi" kilimweka Mwethiopia na Myoruba wa Afrika Magharibi kwenye kapu moja na kudai ni sayansi.

Wala APOL1 haielezi yote. Presha isiyotibiwa, sukari, kukosa bima, kupelekwa kwa bingwa wa figo kwa kuchelewa: hayo hayabadiliki kwa kubadili fomula.

Kichujio
Hayabadiliki, dada, lakini foleni ilibadilika. Januari 2023 vituo vya upandikizaji vya Marekani viliamriwa kupekua orodha zao na kuwarudishia Weusi muda waliopoteza. Kufikia Machi 2024 zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamerekebishiwa, wastani wa miaka miwili kila mmoja. Miaka miwili ya dayalisisi mara tatu kwa wiki! Mkisema marekebisho haya ni ya karatasi tu, hesabuni hiyo.

DoziSahihi, pingamizi lako lina jibu: sistatini C, protini ya damu ambayo nayo huchujwa na figo. Haitegemei misuli sana, na ikiunganishwa na kreatinini kwenye fomula ya 2021 tofauti kati ya makundi karibu inapotea.

DoziSahihi
Hapo sawa, mradi mkumbuke nayo inadanganywa na dawa za steroidi, matatizo ya tezi ya shingo, unene na sigara.

MaabaraKisumu
Na bei. Maabara nyingi za wilaya hazina kitendanishi chake, yaani kemikali ya kuipimia. Kwa hiyo kwetu itunzwe kwa walio mpakani: dozi ya saratani, mchangiaji figo, mtu aliyekonda sana. Wengine wote wapimwe kreatinini pamoja na uwiano wa albumini (protini) na kreatinini kwenye mkojo. Ukifika 30 mg/g au zaidi, rudia baada ya miezi mitatu kabla ya kumwandika mtu kuwa ana ugonjwa sugu.

Kwa kliniki za VVU: dolutegravir na Septrin hupandisha kreatinini bila kuumiza figo, kwa kuziba njia inapotolewa. Kwa dolutegravir ongezeko huonekana ndani ya wiki nne za kwanza, kisha linatulia. Likiendelea kupanda baada ya hapo, au protini ikionekana kwenye mkojo, tafuteni sababu nyingine, na kama mgonjwa anatumia tenofovir, dawa ya VVU inayoweza kuumiza figo, anzeni na hiyo.