Mbunge mkongwe apimwe kwa kura zake, wafadhili wake au risiti za ofisi?

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila anapotajwa mbunge aliyekaa bungeni miongo kadhaa: chukua orodha ya kura zake, weka pembeni orodha ya waliomchangia kampeni, na ukweli utajitokeza wenyewe. Naipinga.

Mchukueni John Dingell wa Michigan, Marekani. Aliingia Baraza la Wawakilishi Desemba 1955, akatoka Januari 2015. Hakuna aliyedumu zaidi yake katika Bunge la nchi hiyo. Kwa miaka mingi aliongoza Kamati ya Nishati na Biashara, akasimama kidete dhidi ya masharti makali ya moshi na matumizi ya mafuta ya magari. Michango ya sekta ya magari nayo ilikuwa ikiingia kwenye kampeni zake. Wengi hapo wanafunga faili: kanunuliwa. Lakini jimbo lake lilikuwa eneo la Detroit, limejaa wafanyakazi wa viwanda vya magari. Asingepokea hata senti, angepiga kura tofauti? Na huyohuyo ndiye aliyesukuma sheria ya 1973 ya kulinda viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Kwa hiyo pale mfadhili na mpiga kura wanapotaka kitu kimoja, rekodi haikwambii lolote. Tafuta pale wanapogongana. Na usiishie kwenye kura ya mwisho, maana nguvu ya mwenyekiti wa kamati ni kuukalia muswada usifike ukumbini kabisa. Muswada uliokaliwa hauna kura ya kuhesabu. Anayejumlisha "ndiyo" na "hapana" tu hatauona.

Sasa kuna upande wa pili ambao watetezi wa uwazi hawapendi kuusikia. Hadi sheria ya marekebisho ya Bunge ya 1970, kura nyingi za kubadilisha vifungu vya miswada katika Baraza hilo hazikuandikwa kwa majina. Zilipoanza kuandikwa, mwananchi alipata haki yake. Ila washawishi wa makampuni, yaani watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wa makampuni hayo, nao walipata: anayelipa sasa anaweza kukagua kama mzigo umefika. Wapo wanaosema turudishe usiri kwenye kamati ili wabunge waweze kuafikiana bila kuchungulia nyuma. Hoja nzito, sikatai. Tatizo langu ni kwamba mshawishi ana watu wa kukaa kwenye korido hadi ajue nani alisema nini. Mwananchi hana. Ukifunga pazia, unamfungia yeye.

Kuhusu matumizi ya ofisi, hapo ndipo hasira zetu hupotea bure. Uingereza mwaka 2009 ilitikiswa na madai ya posho za wabunge, likiwemo dai la mbunge mmoja kulipiwa kibanda cha bata cha pauni 1,645, ambalo hata halikulipwa, hadi ikaundwa mamlaka huru ya kusimamia malipo hayo. Ilistahili. Lakini kibanda cha bata hakijawahi kubadilisha sheria ya kodi. Namwogopa zaidi mbunge anayejigamba kurudisha fedha za ofisi ambazo hakutumia. Kama hakuajiri watafiti, nani anamsomea muswada wa kurasa mia tano? Mara nyingi ni yuleyule mshawishi, tena bure.

Fedha za kampeni, hata kwenye taarifa nzuri, zina matundu. Kwa sheria ya Marekani, kampeni ya mgombea hailazimiki kumtaja kwa jina mchangiaji ambaye jumla ya alichotoa haizidi dola 200, na kuna makundi yanayotumia fedha nje ya kampeni bila kutaja wafadhili wao. Basi soma tarehe kuliko jumla: fedha ziliingia wiki gani, na kamati yake ilikuwa na nini mezani wiki hiyo?

Wanaotetea usiri wa kamati, karibuni. Nielezeni kwanza mpiga kura atajuaje nani aliukalia muswada.