Machinga, deiwaka, daladala: yametokea wapi? Ubishi wa kwenye treni ya Moro

MjukuuWaMoro

Wakuu habari za wikiendi. Jumamosi nilipanda SGR kwenda Moro kumsalimia bimkubwa, nikakaa dirishani nikijua nalala mpaka tufike maana safari yenyewe haifiki hata masaa mawili. Tunaitafuta Pugu, mama wa siti ya pembeni akaniuliza, mwanangu hii ndo mchongoko au ile ya kawaida? Nikamwambia ya kawaida mama, mchongoko ni ile yenye pua imechongoka kule mbele. Mzee mmoja upande wa pili akadakia, unaona hilo jina bado changa na kila mtu anajua limetokea wapi, subirini mje muwe wazee kama mimi muone wajukuu zenu watakavyobishana.

Hapo usingizi ukaisha. Mama akasema yeye daladala anaikumbuka tangu nauli ilipokuwa dala, yani shilingi tano, akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada ukubwa wa ile sarafu, ya kona kona yenye sura ya Mwalimu. Mzee akakubali ila akaongeza kwamba machinga ni Kizungu, eti "machingi gaizi", vijana wanaotembea mwendo wa kijeshi na bidhaa mabegani. Kijana wa nyuma akakataa kabisa, sauti zikapanda mpaka mhudumu akaja kuchungulia, na hapo hapo wakaingiza na deiwaka ambayo hakuna aliyekuwa na jibu. Tumeshuka hawajamalizana. Naombeni wenye uhakika mnisaidie, imenikaa kichwani tangu juzi.

MwanaKusini

Ndugu yangu huyo mzee mheshimu ila hapo kakosea. Wamachinga ni watu, ni kabila, tupo Lindi na lugha yetu tunayo. Vijana wa kusini walikuja Dar bila mtaji wa kufungua duka, wakawa wanatembeza mashati na mikanda mkononi, watu wakiwaona wanasema hao Wamachinga, basi jina la watu likawa jina la kazi na leo kijana katoka zake Mwanza anauza soksi Kariakoo naye anaitwa machinga. Hiyo ya Kizungu ni watu wamesikia neno linafanana wakalitengenezea maana. Nimeisikia mpaka kwa watu wenye elimu zao na kila nikiisikia inaniuma, maana bibi yangu ni Mmachinga na hajawahi kuuza kitu barabarani, kalima mihogo na korosho maisha yake yote. Mtu akisema neno ni la Kizungu anatufuta sisi.

HesabuYaTajiri

Deiwaka niachieni mimi, nimekula ugali wake. Ni Kiingereza cha kibarua wa siku, "dei woka", tukaitamka kivyetu. Gari lina dereva wake na konda wake, sasa mmoja akichoka mchana au anaumwa anampa mtu wa kijiweni apige trip mbili tatu, huyo ndo deiwaka. Hana mkataba, na tajiri mwenye gari hamjui, ila hesabu ya tajiri lazima itimie jioni, na ikipungua wa kwanza kukosa ni yeye. Nilianza hivo njia ya Mwenge, naning'inia mlangoni na shati la kuazima.

Na kwenye daladala mama yako wa treni yuko sahihi. UDA, shirika la mabasi la Dar, walikuwa wamezidiwa, watu wanalala vituoni, mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Shilingi tano mtaani ilishakuwa inaitwa dala, kutokana na dola, na makonda wakaitia mara mbili wakiita abiria, dala dala dala. Wale waliokuwa wanapiga kelele barabarani ndo waliotunga jina ambalo leo lipo mpaka kwenye karatasi za serikali, naomba hilo lijulikane.

Msee_wa_Athi

Huku Kenya ni vile vile, matatu ni hesabu ya nauli. Zilianza zikitoza senti thelathini, mapeni matatu ya kumi kumi, Wakikuyu wakiita mang'otore matatu. Na bodaboda ilitoka Busia, ni zile baiskeli zilizokuwa zinavusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, boda ni mpaka basi. Hii yote niliambiwa na babu flani kwa SGR ya kwenda Mombasa, hizo viti za ekonomi zinatazamana, sasa utaangalia wapi masaa tano kama si kuongea.

Dada_Ilala

Mimi nikipanda natia earphone mpaka mwisho wa safari, jamani wiki nzima nahudumia watu dirishani, Jumamosi nataka kimya changu. Ila uzi huu nimeusoma wote.

Nyongeza moja. Neno gari lenyewe limetoka India, Wahindi wanasema gari hivyo hivyo, moshi tukaongeza sisi. Sasa treni ni ya umeme haina moshi na bibi yangu bado anaiita gari moshi.

MjukuuWaMoro

Asanteni sana wakuu, MwanaKusini nimekuelewa na nikimuona yule mzee tena namfikishia hivyo hivyo ulivyosema.

Jana usiku nilimsimulia bimkubwa habari ya dala. Hakujibu kitu, akainuka akaenda kwenye cherehani yake, akamwaga kopo la vifungo mezani, akachambua chambua mpaka akaitoa. Imeingia weusi ila kona zote zipo na sura ya Mwalimu inaonekana. Nimeiweka juu ya jero, mia tano ya sasa hivi, nikaipiga picha, naipandisha nikipata bando.