Naomba ushauri: mvinyo gani unaenda na asparagasi?

Mpenda Jiko
Wakuu, habari zenu. Jumamosi nina wageni wa chakula cha jioni, na sahani ya kwanza nimeshaamua: asparagasi za kijani. Kinachonisumbua ni mvinyo. Nimeonja asparagasi na Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu ambao ukiunywa wenyewe hauna kasoro yoyote. Ghafla mdomo mzima ukajaa ladha ya chuma, kisha uchungu ukang'ang'ania nyuma ya ulimi. Nikageukia Chardonnay, mvinyo mweupe, iliyolala kwenye pipa la mwaloni, nayo ikawa nzito na ile vanila yake ikawa inakera.

Je, ni kweli mboga hii haielewani na mvinyo wowote? Kama upo unaoelewana nayo, naomba mnitajie na sababu yake, maana nikiijua sababu nitajichagulia mwenyewe siku nyingine. Nawasilisha.

Zabibu Mbichi
Sauvignon Blanc, ya baridi. Hutajuta.

Fundi wa Ladha
Mleta mada, mvinyo wako ni mzima. Mgomvi ni mboga.

Asparagasi ina viambato vyenye salfa. Ikipata moto hutoa dimethili salfaidi, ambayo ni sehemu kubwa ya ile harufu tunayoijua ya asparagasi iliyopikwa, na kadiri inavyokaa motoni ndivyo harufu inavyozidi. Kuna pia pirazini, zinazoleta harufu ya majani mabichi, ile ile unayoisikia ukikata pilipili hoho. Halafu kuna umami, ladha nzito iliyomo kwenye uyoga na jibini lililokomaa. Umami ikikutana na tanini ya mvinyo mwekundu, ile inayokausha ufizi, tanini huonekana kali na chungu kuliko ilivyo. Cabernet Sauvignon ina tanini nyingi, na juu ya hilo zabibu zake nazo zina pirazini. Hapo ukali umejumlishwa na ukali.

Chardonnay yako iliponzwa na pipa. Mwaloni mpya huupa mvinyo vanila, harufu ya kuungua kwa mbali na tanini kidogo ya mti. Vikikaa karibu na salfa, vyote viwili vinapoteza sura.

Kwa hiyo tafuta mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wenye uchachu wa kutosha, mwepesi, usiopitia pipa jipya. Zabibu Mbichi kasema kweli kuhusu Sauvignon Blanc: zabibu hiyo ina pirazini za jamii ile ile ya zilizomo kwenye asparagasi, kwa hiyo mvinyo unaipokea mboga badala ya kushindana nayo. Mimi ningeanza na za bonde la Loire, Ufaransa, yaani Sancerre au Pouilly-Fumé, kwa sababu huwa zimetulia na uchachu wake ni safi. Nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi zinatosha. Ikiwa baridi zaidi ya hapo, harufu inafungika.

Bi Karafuu
Fundi ameeleza vizuri sana kuhusu tanini na pipa, hapo naunga mkono. Kwenye Sauvignon Blanc naomba nitofautiane naye.

Ukiweka majani juu ya majani, mezani panabaki harufu ya majani peke yake. Hasa ukichukua zile za Marlborough, Nyuzilandi, ambazo harufu yake huwa inapiga kelele tangu kizibo kinapotoka. Mgeni anakunywa, anakula, anakunywa tena, na hakuna kipya anachokutana nacho.

Ushauri wangu ni Grüner Veltliner, zabibu inayolimwa kuliko zote Austria. Mvinyo wake una harufu ya pilipili nyeupe, na harufu hiyo inatokana na rotundoni, kiambato kile kile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Tazama faida yake: asparagasi iliyopikwa ungeinyunyizia nini? Chumvi, pilipili, tone la limau. Grüner inakuja na pilipili yake na uchachu wake ndani ya glasi. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwa mvinyo wa mboga, uongeze kilichopungua kwenye sahani. Chukua ile nyepesi, si ile iliyotengenezwa kwa zabibu zilizoiva kupita kiasi yenye kilevi kingi.

Mpenda Jiko
Ahsanteni sana, sasa naona mwanga. Maswali mawili ya nyongeza. Sosi inabadilisha chochote? Nipo kati ya hollandaise na mafuta ya zeituni yenye siki. La pili, mgeni wangu mmoja hagusi mvinyo mweupe. Nimfanyeje?

Kisu Kikali
Sosi inabadilisha kila kitu, na nashangaa hadi sasa hakuna aliyeuliza. Watu wanachagua mvinyo wa asparagasi kana kwamba italetwa mezani tupu.

Hollandaise ni siagi, kiini cha yai na limau. Mafuta yale yanaufunika ulimi na kuitia salfa adabu, hivyo unaweza kupanda kwenye mvinyo wenye mwili zaidi, yaani mzito zaidi mdomoni. Hapo hata Chardonnay inarudi, ila iwe isiyo na ladha ya pipa. Chablis ndiyo mfano mzuri, maana nyingi huchachushwa kwenye matangi ya chuma cha pua. Uchachu wake unaikata siagi, na kila tonge linakuwa kama la kwanza.

Siki ni habari nyingine. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unapooza, unakuwa kama umetiwa maji. Ukiipenda siki, punguza, au weka limau mahali pake, kisha chukua mvinyo wenye uchachu usiopungua ule wa sosi. Sauvignon Blanc inaweza hiyo kazi. Grüner nayo inaweza.

Kuna njia ya tatu ambayo hujaitaja: zichome. Zipake mafuta kidogo, weka juu ya moto mkali mpaka zipate madoa ya kahawia. Sukari iliyomo ndani inaungua kidogo, utamu unapanda, na ile harufu ya majani inarudi nyuma. Kwangu mimi hapo ndipo asparagasi inapokuwa rahisi kuliko popote kwa mvinyo. Ukimalizia na vipande vyembamba vya Parmigiano, chumvi ya jibini inasaidia kuupunguzia mvinyo uchungu.

Bi Karafuu
Huyo mgeni wa mwekundu usimlazimishe mweupe, kaka. Mchomee zake kama Kisu Kikali alivyosema, kisha mpe Gamay ya Beaujolais, Ufaransa, iliyopozwa kidogo, nyuzi 12 hadi 14 hivi. Tanini yake ni ndogo na uchachu upo. Pinot Noir nyepesi pia inafaa. Akikubali rosé kavu, mvinyo wa rangi ya waridi, ni heri zaidi, maana rosé inapatana na karibu kila sosi iliyotajwa hapa.

Mtembezi wa Vionjo
Naongeza viwili ambavyo watu huvisahau.

Muscat kavu ya Alsace, Ufaransa. Ukiinusa utadhani itakuwa tamu, inanukia zabibu mbichi zilizotoka kuchumwa, lakini ukiinywa ni kavu. Imezoeleka mno na asparagasi huko kwao. Hakikisha tu chupa ni ya aina kavu, kwa sababu Muscat tamu zipo pia.

Cha pili ni Fino, ile sheri kavu ya Jerez, Hispania. Hukomaa chini ya tabaka la hamira linaloitwa flor, linaloelea juu ya mvinyo na kuuzuia usigusane moja kwa moja na hewa. Mtu atauliza, si inakaa kwenye mapipa ya mwaloni? Ndiyo, ila ni mapipa ya miaka mingi ambayo hayana tena vanila ya kutoa. Inabaki ladha ya chumvichumvi na lozi, na salfa ya asparagasi haiiyumbishi hata kidogo. Kilevi ni takriban asilimia 15, hivyo mimina kidogo, ya baridi, na chupa iwe imefunguliwa siku hiyo hiyo. Ikikaa wazi inapoteza uhai haraka.

Zabibu Mbichi
Na asparagasi nyeupe? Sheria ni hizo hizo?

Fundi wa Ladha
Si hizo hizo. Asparagasi nyeupe hufukiwa kwa udongo zisione jua, kwa hiyo hazitengenezi klorofili. Ujani unapungua, unabaki utamu kidogo wenye uchungu wa mbali. Kwa hizo ningeacha Sauvignon Blanc na kuchukua Silvaner ya Franken, Ujerumani, ile inayouzwa kwenye chupa bapa yenye tumbo. Ni mvinyo mtulivu, harufu yake haisumbui, na Wajerumani hawaiachi katika msimu wao wa asparagasi, ambao kwa desturi hufungwa tarehe 24 Juni.

Bi Karafuu, nimekubali hoja yako kwa zile za kuchemsha na chumvi tu, Grüner inashinda. Zikiwa na limau au jibini la mbuzi bado nasimama na Loire.

Mleta mada, kwa jioni yako nakushauri hollandaise na Chablis, au uzichome zote na mezani uweke Grüner na Gamay, kila mtu achague. Ukichemsha, dakika 3 hadi 5 kwa za kijani, halafu kwenye maji ya barafu papo hapo ili salfa isipande. Nyeupe huchukua dakika 10 hadi 15 na lazima zimenywe ganda lote.

Kabla wageni hawajafika, kata shina moja. Tafuna kipande kitupu, nywa funda dogo, subiri kidogo usikie kinachobaki nyuma ya ulimi. Kisha weka chembe za chumvi na tone la limau kwenye kipande kingine, urudie. Funda la pili likiwa limelainika, rekebisha sahani na uiache chupa. Likibaki na ladha ya chuma hata baada ya chumvi na limau, hapo badilisha chupa.